Mwalimu, Ulifuta "Yangu"

Shikamoo, Mwalimu.

Usipoitikia leo sitakulaumu. Ni kwa hilo tu sitakulaumu.

Ni mimi Zuhura, binti wa dukani Majengo, yule uliyemfundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne. Juzi tumemaliza kujengea kaburi lako, tukasimika na msalaba. Upepo wa kule kwenu Mwimbi unaujua mwenyewe, padri kashika vazi lake kwa mikono miwili, na sisi wa mjini tumejikunyata ndani ya masweta kama kuku walionyeshewa. Ulezi wako umevunwa. Mama Oliva, mkeo, amepungua sana, ila bado anamkaripia kila anayekanyaga matuta yake. Hizo ndizo habari za nyumbani. Zilizobaki ni zangu na wewe, na sina mpango wa kuzisema kwa upole.

Unalikumbuka lile shairi? Utaachaje kulikumbuka! Miaka kumi na mitano linasomwa kila mahafali pale shuleni. Watoto wanakuja dukani kununua madaftari, wananikodolea macho, wananiuliza, "Anti, eti ni wewe wa Njia Yetu?" Nawajibu ndiyo. Nawapa na pipi. Kisha nageukia makabati ya vitenge nijifanye napanga, maana nikiwaangalia nitasema jambo lisilofaa kusemwa kwa mtoto.

Mimi sikuandika Njia Yetu.

Nilikueleza shairi lile lilikotoka, wewe ndiye mtu wa kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, Baba kanipakia kwenye lori tushuke Kipili, ziwani, kuchukua samaki, migebuka. Masika, njia yote tope. Kanuni ya Baba ilikuwa moja, na madereva wote wa Sumbawanga walikuwa nayo hiyohiyo: ukikuta tope, fuata tairi la aliyetangulia. Akafuata. Tukakuta malori saba yamezama kwa safu, kila moja nyuma ya mwenzake, kwenye mfereji uleule wa matairi. La kwanza lilipotea, yaliyobaki yaliheshimu. Pembeni kulikuwa na majani makavu kabisa, ng'ombe wanapita zao. Nikamwambia Baba, mbona tusipite kule? Akacheka, akasema kule hakuna aliyepita. Tulilala siku mbili pale.

Basi nikiwa kidato cha nne nikaandika, kila lori lafuata, kila lori limekwama. Na kituo changu, nilichokihangaikia wiki nzima:

*Tope lenu sifuati, nitakata njia yangu.*

Mizani nane kwa nane. Uliihesabu kwa vidole juu ya meza, ukatabasamu. Nilikuona ukitabasamu, Mwalimu, usije ukakana huko uliko.

Na ulijua shairi lile ni la nani. Nilikuambia. Baba alitaka nikimaliza mtihani niingie dukani, kisha niolewe na mtoto wa rafiki yake mwenye mabasi. Mimi nilitaka kidato cha tano, nisome lugha, niwe mtu wa vitabu. Nyumbani kwetu binti hamwambii baba yake hapana usoni. Lakini shairi halikatizwi. Mtu akishasimama na karatasi yake, hata baba atasubiri hadi ubeti wa mwisho. Nikamwambia Baba, jibu langu utalisikia siku ya mahafali. Akasema sawa. Akavaa kanzu mpya akaja, akakaa mstari wa mbele.

Asubuhi ile ukaniita ofisini. Peni yako nyekundu tayari ilikuwa imeshafanya kazi. Kituo changu kimekatwa, juu yake umeandika kwa mwandiko wako ule mzuri wa ubaoni:

*Nyayo zenu nafuata, tutakata njia yetu.*

Na pembeni: Ondoa majivuno.

Nikakuuliza, Mwalimu, mtu anayefuata nyayo anakata njia gani? Nyayo si tayari njia? Ukasema, "Binti, 'yangu' ni neno la mchoyo. Hata ng'ombe ni wa mtu mmoja, lakini mwenye adabu husema ng'ombe wetu." Kisha ukanipigia na methali, kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi sikuwa natafuta chawa, Mwalimu. Nilikuwa natafuta kidato cha tano.

Mizani ilikuwa ileile, nane kwa nane. Hukuniharibia hata silabi moja. Ungeniharibia walau mizani, ningepata pa kukubishia!

Nikasoma ya kwako. Hilo nalo niliseme, maana nikilificha nitakuwa nakusingizia. Hukunishika koo. Mdomo ulikuwa wangu. Nilifika kwenye kituo, nikamwona Baba kanzuni, nikakuona wewe umesimama mlangoni umekunja mikono, nikasema yetu. Beti tano, mara tano, yetu, yetu, yetu. Ukumbi ukalipuka. Vigelegele! Baba akapanda jukwaani akanifunika kitenge mabegani, analia, ananiambia, "Mwanangu, umeniheshimisha." Alikuwa amepata jibu. Kwamba nafuata nyayo.

Nilifaulu, unajua. Nilichaguliwa. Fomu ya kujiunga ilikaa kwenye droo ya duka chini ya futi ya kupimia vitambaa mpaka panya wakaila. Kwa yule wa mabasi nilikaa miaka mitatu, tukashindwana, nikarudi nyumbani, dukani, kwenye futi yangu. Samahani. Futi yetu.

Wewe uliendelea kuja. Kila Ijumaa, kwa baiskeli, kumngoja dereva wetu akuletee migebuka kutoka Kipili. Ulikuwa unamuuliza swali moja kabla hata ya kushika samaki: "Ziwa leo likoje?" Akikwambia limetulia, unatikisa kichwa. Akikwambia linachafuka, unataka akueleze mawimbi yalikuwa ya namna gani. Tulikucheka mimi na dereva. Mzee wa ulezi na mahindi, ziwa linamhusu nini?

Nimejua wiki iliyopita.

Mama Oliva alinipigia simu, akaniomba nije nisome Njia Yetu siku ya msalaba. Alisema watoto wote wamekubaliana, hakuna kinachokufaa zaidi ya lile shairi. Nakala yangu nilishaichoma zamani, kwa hasira, kwenye jiko la mkaa. Akaniletea sanduku lako la madaftari nilitafute. Shairi langu nililipata, na wekundu wako juu yake. Chini kabisa nikakuta daftari jingine, limeoza pembeni, jina lako juu, Krisanti, darasa la saba.

Mwalimu. Mwalimu! Hukuniambia.

*Mtumbwi wangu nachonga, ziwa langu nalijua.*

Mwandiko wa mtoto, herufi zimelala. Na juu yake peni nyekundu ya mtu mwingine, mwalimu wako bila shaka, amekata akaandika: mtumbwi wetu twachonga, ziwa letu twalijua. Pembeni maneno mawili. Unayajua. Uliyatunza miaka yote hiyo ukaja kunipa mimi, bila kubadilisha hata moja.

Mama Oliva akaniambia, kama jambo dogo tu, kwamba ulipomaliza shule ulitaka ushuke Kipili kwa wachonga mitumbwi, ukoo ukakataa, wakasema hakuna wa kwetu aliyewahi kukaa ziwani. Ukapelekwa ualimu. Eti hukuwahi kulisogelea lile ziwa maisha yako yote.

Watu wangesema hapo moyo wangu ulilainika. Loh! Moyo wangu uliwaka. Kama ungekuwa hujui, ningesema ni ushamba, mtu kafanya alichofundishwa. Lakini wewe ulijua. Ulijua inavyouma na mahali inapouma, na bado ulishika peni ileile. Tairi la aliyetangulia, Mwalimu. Ulikuwa lori la pili, ukanifanya la tatu.

Nikaenda Mwimbi na vyote viwili, shairi langu na daftari lako. Baba alikuja pia, nimemshika mkono, macho yake sasa si mazuri. Akakaa mbele kama siku ile. Baada ya misa wakaniita. Wakwe zako, kwaya, wanafunzi wako wa zamani wamejaa hadi kwenye matuta ya Mama Oliva, wote wanalijua shairi, midomo tayari imekaa kuitikia. Nikaanza. Nilipofika kituo wao wakaitikia yetu, mimi nikasema yangu. Wakadhani nimekosea. Ubeti wa pili vivyo hivyo, sauti zikapungua. Wa tatu nilikuwa peke yangu. Mpaka wa tano nilisikia upepo tu na mtu mmoja anakohoa. Mwanao mkubwa alikuwa anatazama viatu vyake. Hakukuwa na vigelegele, nikakunja karatasi nikarudi mahali pangu.

Nikamwongoza Baba mpaka kwenye gari. Kisha akaniuliza, "Hilo ndilo jibu ulilotaka kunipa siku ile?"

Nikasema ndiyo, Baba.

Akasema, "Ningekukatalia."

Nikasema najua.

Akapapasa mlango wa gari, hakuufungua. Akasema, "Lakini ningejua nilizaa mtu gani. Nimekaa na wewe dukani miaka yote hii, sikujua."

Hicho ndicho ulichonichukulia, Mwalimu. Kidato cha tano kingenipita kwa namna yoyote ile, sasa naliona hilo. Uliniibia kukataliwa na baba yangu hali ananijua.

Basi nikuage, jua linakwenda na wateja wa mwisho wananiita. Daftari lako la darasa la saba nimeliomba, Mama Oliva amenipa. Neno la yule mwalimu wako nimelikata, nikarudisha "wangu" yako na "langu" yako mahali ulipoziweka. Usidhani nimekusamehe. Nitakuahidi moja tu: siku lori letu litakaposhuka Kipili nitapanda, nitalisoma shairi lako pale mchangani kwa sauti, maneno yako yaleyale ya mtoto, na nitakuletea jibu la ziwa likoje. Na mtoto yeyote atakayenionyesha shairi lake dukani, nitamsahihisha herufi, nitamhesabia mizani, lakini hilo neno moja sitaligusa.

Pale makaburini kila aliyesimama alikuita Mwalimu wetu. Padri, kwaya, mwanao, wote. Mimi nitakuita kwa neno ulilonikataza, na unikatie kwa wino mwekundu ukiweza.

Kwaheri, Mwalimu wangu.

Zuhura