Mahali kwa Mdomo wa Muha

Jumanne, 9 Septemba
Nimemaliza mraba wa chemshabongo wa Mzee Bakari kabla chai haijapoa. Kidokezo kilichobaki: "Diwani anayo, mchota maji anayo (4)." Kata, herufi nne. Diwani ana kata yake ya kuongoza, mchota maji ana kata ya kifuu cha nazi. Hapa Kasulu hakuna minazi, mzee alidhani tutakwama. Bwana Mushi, afisa kilimo, kakwama. Mimi sikwami. Fundi cherehani mimi, neno nalipima kama kiuno.

Gazeti liliacha kuchapa chemshabongo mwaka jana. Tangu hapo Mzee Bakari huchora yake kwenye karatasi ya manila na kuibandika mlangoni pa duka lake, mkabala na cherehani yangu. Sisi wa barazani tunajaza. Leo nimemwambia na mimi nitatunga. Akacheka mpaka kofia ikahama. Eti Waha tujaze tu, kutunga tuwaachie wenye lugha. Yeye ni wa Pangani.

Nimeudhika. Nimeudhika sana.

Jumatano, 10 Septemba
Mimi na Mzee tumewekeana sharti, Bwana Mushi shahidi. Jumamosi nabandika mraba wangu. Ukiwa na kosa hata moja, sitatunga tena maishani. Ukiwa safi, mlango ni wangu kila Jumamosi.

Najua anachokisubiri. Nilipofungua kibanda hiki niliandika kibao kwa mkono wangu: FUNDI WA NGUO ZA HALUSI. Sisi Waha L na R zinatupiga chenga. Mzee alikuwa anawasomea wateja kile kibao kwa sauti, mwaka mzima. Nilikipaka rangi upya. Aibu haikufutika.

Alhamisi, 11 Septemba
Rula, chaki ya kushonea, karatasi ya kukatia mitindo. Suruali za watu zimelala, zinisamehe. Nimepata hiki: "Lima, ukianza na silabi ya nyuma: utajiri (4)." Li-ma, ma-li. MALI! Nimecheka peke yangu kama mwehu. Nani kasema Muha hatungi?

Nimeweka na chepesi cha kuwapoza: "Fundi hunyooshea mstari (4)." RULA.

Ijumaa, 12 Septemba
Kidokezo kimekuja asubuhi nikipiga pasi. Nikaacha pasi, karibu niunguze gauni la watu.

"Pahala, kwa mdomo wa Muha: baba wa binti hupokea (6)."

Pahala ni mahali. Muha akilitamka, L inageuka R. Mahari. Na mahari nani anaipokea? Baba wa binti. Kila neno lina kazi yake, hakuna kipande cha kutupa.

Nimempigia mama kule Kumsenga nihakikishe. Nikamwomba aseme "mahali". Akasema "mahari", akauliza nani anaolewa. Nikamwambia hakuna, mama, ni kazi. Hakuamini.

MAHARI nimeilaza. RULA nimeisimamisha, inaning'inia kutoka kwenye ile R. Akikosea juu, atakosa na chini. Najiona mjanja na sioni haya kusema.

Jumamosi, 13 Septemba
Niandike yote nisisahau.

Walijaa hata wauza vitenge. Nikabandika. Mzee akavaa miwani. MALI alipata haraka, akanung'unika kwamba ni ya kitoto. Akafika kwenye pahala. Akaandika MAHALI, kwa wino, kwa maringo. Hayo maneno "kwa mdomo wa Muha" aliyaruka kama kidimbwi.

Kisha akashuka. Mstari wa fundi: herufi ya kwanza tayari ni L. Akaandika LULA. Halafu uso ukamng'aa. Akawageukia watu, akatangaza kwamba fundi hajui rula inaandikwaje, yaleyale ya Halusi. Wakacheka. Bwana Mushi alitazama viatu vyake.

Kwa dakika moja nilikuwa tena chini ya kile kibao. Halafu nikakumbuka kwamba mraba ni wangu.

Nikasema, "Mzee wangu, hiyo L ni yako. Soma kidokezo chote, halafu litamke hilo neno kama ninavyolitamka mimi."

Bwana Mushi ndiye aliyesema, polepole, "Mahari." Muuza vitenge mmoja akapiga kofi. Mama Neema wa mchele, Muha mwenzangu, akairudia kwa sauti, mahari, mahari, kama anaonja mchuzi.

Nikaeleza kipande kwa kipande, nikionyesha kwa chaki. Pahala. Mdomo wa Muha. Baba wa binti. R inashuka, rula inakaa sawa. Sauti haikunitoka vibaya. Kama R zilipotea njiani sikuzifuata.

Mzee akairudia karatasi. Akaigeuza L kuwa R kwa kalamu yake mwenyewe. Akasema, "Safi." Basi. Akaingia dukani.

Ulimi uleule walioucheka. Ndio uliomfunga mtu wa Pangani. Nina fahari mpaka nashindwa kula.

Jumapili, 14 Septemba
Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa natunga.

Jumatatu, 15 Septemba
Vumbi tu leo, wateja wachache. Mzee Bakari amevuka barabara na suruali ya kukunja pindo. Akasema "Mwakeye." Miaka yote hapa, ni mara ya kwanza namsikia akisalimia Kiha. Nikamjibu, nikapima, akaondoka.

Mfukoni mwa suruali nimekuta kipande cha manila, visanduku sita, mwandiko wake: "Kosa la zamani la kibao. Sahihi yake ni sherehe."

Sikumwita. Nimechukua kalamu, nikajaza HARUSI taratibu, nikakirudisha mfukoni. Kisha nikakunja pindo.