Samaki wa Mei na Karo ya Wenyeji

Montana, 19 Julai

Kwa dada yangu Arlys,

Salamu nyingi kama nyasi za malisho yako kabla ndama hawajaachiwa. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti la shemeji Duane limeanza kumtii. Mwambie mafuta ya dubu hayaponyi goti, hata kama mimi ndiye niliyemwambia yanaponya. Sisi huku hatujambo. Ngano inakomaa, mvua ya mawe imetupita kwa upana wa barabara tu, na mimi na miaka yangu hamsini na minne bado nabeba magunia mawili kwa mpigo. Maren wako anasema ni moja, na kwamba hilo moja nalo hulipumzisha njiani.

Naandika kwa ajili ya huyo huyo Maren. Jibu la chuo kikuu limekuja Jumanne. Nafasi ya kusoma wamempa, lakini karo ya wenyeji wa jimbo wamemnyima mwaka huu. Ama alipe karo ya wageni, ambayo ni karibu mara tatu, ama asubiri. Nimemwomba asikupigie simu mpaka barua hii ikufikie, naye amekubali kwa sharti moja. Sababu ya kunyimwa ipo, nitaifikia. Unanijua, dada, sijawahi kufika popote kwa njia ya mkato.

Kwanza ujue kwamba mwanao hakulala. Chuo kinataka mtu akae jimboni miezi kumi na miwili mfululizo, na aonyeshe kwa vitendo kwamba amehamia, si mpita njia. Tangu Duane alipomshusha hapa Juni ya mwaka jana, na ule mto wake wa utotoni kwapani, wiki ya kwanza alibadilisha leseni ya udereva, ya pili namba za gari. Akapata kazi kwenye maghala ya ngano kando ya reli, kupima malori, na kodi akalipa huku. Akajiandikisha kupiga kura, akapiga hata ile ya bodi ya shule ambayo mimi sijaigusa tangu niiache shule yenyewe. Kila karatasi aliitia kwenye kopo la biskuti juu ya friji, na ole wangu nikilifungua nikidhani lina biskuti.

Kwenye mizani wamemwogopa. Mzee Orval, aliyeleta lori lake la ngano, alitaka kumharakisha, akamwambia, "Binti, andika tu kama jana, lori ni lile lile." Maren akamjibu, "Lori ni lile lile, ila tumbo lako, babu, limeongezeka, shuka kwanza nipime upya." Foleni nzima ilicheka. Mimi nilitembea mjini kifua mbele wiki mbili, nikimwambia kila mtu kwamba hesabu nilimfundisha mimi.

Basi Jumapili moja ya Juni, tumetoka kanisani, akaketi mezani kujaza fomu ya kuomba ahesabiwe mwenyeji. Alikuwa anasoma maswali kwa sauti huku mimi napaka siagi mkate wa viazi kama ule aliotupikia mama. Ana nyumba jimbo jingine? Hapana. Amepiga kura jimbo jingine? Hapana. Katika miezi kumi na miwili iliyopita, amechukua kibali cha uvuvi au uwindaji cha mwenyeji wa jimbo jingine? Akacheka, akasema hawa watu wanauliza mpaka samaki, akaandika hapana.

Kisu changu kikasimama juu ya mkate.

Dada, unaijua ile picha yangu na samaki-mwiko, pua yake ndefu bapa begani kwangu, iliyo kwenye friji lako. Mwisho wa Mei, tulipokuja kwenu kupamba makaburi ya wazee, niliwasimulia jinsi alivyoniburuta maili tatu ndani ya Mto Yellowstone mpaka buti zikanivuka, na kwamba alikuwa na ratili mia na ishirini. Duane alicheka mpaka akashika mti. Kitu ambacho sikukisimulia ni namna tulivyoanza siku ile.

Ilikuwa mwanzoni mwa Mei, msimu wa samaki-mwiko umefunguliwa upande wenu wa Dakota, wa kwetu bado, na mimi kusubiri sijui. Nikamchukua Maren na mbwa kwenye pikapu, tukavuka mpaka. Kwenye duka la vibali, Maren alibaki nje akifunga fimbo za kuvulia. Kibali cha mgeni kina bei yake na cha mwenyeji kina yake. Muuzaji tulikuwa tukiiba naye matikiti tukiwa wadogo. Nikamwambia huyu ni mtoto wa Arlys, kazaliwa hapa hapa, mwandikie cha mwenyeji. Akaandika anwani yako. Nikatia sahihi kwa jina la Maren, karatasi nikaitia mfukoni mwangu, nikajiona mjanja kuliko mbweha wote wa mto ule.

Kwa karatasi hiyo, mwanao aliuambia ulimwengu mwezi wa Mei kwamba yeye ni mtu wa Dakota. Mwaka wake mzima wa kopo la biskuti ukafutika kwa kalamu yangu.

Nilinyamaza siku tatu. Kwa mtu kama mimi kunyamaza siku tatu ni maradhi. Hata mbwa alikuja kuninusa. Siku ya nne, fomu ikiwa bado mezani, nikamfuata kazini nikamweleza yote dirishani pa mizani, lori limesimama nyuma yangu. Nikamwambia pia kwamba karatasi ninayo mimi, tukiichoma hakuna atakayejua. Alimaliza kwanza kulipima lile lori, akaandika uzito, akampa dereva risiti yake. Kisha akaniambia, "Mjomba, swali halikuuliza kama watajua."

Akaenda kufuta hapana, akaandika ndiyo. Mimi nikaandika maelezo yangu kwamba mwenye kosa ni mimi, nikaenda kuapa mbele ya yule mama wa benki mwenye muhuri wa viapo. Amesikiliza visa vyangu vya dubu miaka ishirini yule mama. Akasoma, akageuza karatasi, akaniuliza, "Verlin, ndiyo yote? Hakuna dubu humu?" Nikamjibu hakuna dubu. Ndipo akagonga muhuri.

Chuo kimejibu kwa heshima. Wanasema wameyasoma maelezo yangu, lakini kibali ni kibali, na mwaka utahesabiwa upya kuanzia siku ile ya Mei. Nafasi yake watamshikia mpaka vuli ya mwaka ujao. Maren aliisoma barua amesimama, akaikunja, akaitia kwenye kopo pamoja na zile nyingine. Akaenda nje kumwogesha mbwa ambaye hakuwa mchafu. Sikumfuata.

Ameamua kusubiri, aendelee na kazi na kukaa hapa kwangu. Na kwa kuwa leo nimeanza kusema kweli, ngoja nimalize. Niliposikia kwamba atabaki mwaka mwingine, kabla ya aibu kunifika, furaha ilitangulia. Nyumba hii ilikuwa kimya sana kabla yake, dada. Nimeona haya kwa furaha hiyo kuliko kwa kile kibali.

Sharti lake ni hili: kila niliyemdanganya habari za samaki yule nimweleze upya, na wa kwanza awe wewe. Hakuniburuta hata hatua moja. Buti nilizivua mwenyewe kwa sababu zilivuja. Uzito wake ulikuwa ratili hamsini. Na aliyemvua ni Maren, peke yake, dakika arobaini, mikono imechubuka, wala hakuniita nimsaidie. Mimi nilikuwa nimemshika mbwa. Samaki nilimwazima kwa ajili ya picha.

Msalimu sana Duane, na uniachie nafasi mezani siku ya Shukrani, hata kama ni ya karibu na mlango. Mwanao anakula vizuri, anaimba akiosha vyombo.

Ni mimi mdogo wako,
Verlin

Maren ameisoma kabla sijabandika stempu. Anasema ni ratili arobaini na nane.