Jina la Broka Nilimpa Mimi

Alhamisi, jioni.

Leo joto limeanza kabla ya chai. Hakuna upepo kabisa, na vumbi la Garsen bado liko kwenye nywele zangu ingawa nimeoga. Sina hasira wala silii. Nimenyamaza tu, na hilo si jambo jipya kwangu.

Naandika hapa kwa sababu kuandika ni rahisi kwangu kuliko kusema, na leo nimesema maneno mengi kuliko niliyosema mwaka mzima wa Kidato cha Nne.

Nianze na lililotokea.

Jumatatu nilimtumia mwizi shilingi elfu ishirini za Mama.

Huu ni msimu wa maembe huku kwetu Golbanti. Broka hanunui embe moja moja. Anakuja shambani, anazunguka mti, anatazama matawi, kisha anataja bei ya mti mzima. Mkikubaliana anaondoka, na baada ya siku mbili tatu anatuma arbuni kwa simu ili mti usiuziwe mwingine. Mara nyingi arbuni hiyo inatoka kwa namba usiyoijua, kwa sababu ametumia simu ya dereva au ya mkewe. Mara nyingine anatuma za watu wawili kwa mtu mmoja, halafu anaomba zilizozidi zirudishwe au apelekewe jirani. Hakuna anayeshangaa. Mama amewahi kufanya hivyo msimu uliopita na hakuna kilichoharibika.

Kwa hiyo Jumatatu mimi pia sikushangaa.

Mama alikuwa shambani. Simu yake huwa inabaki nyumbani ikichajiwa kwa sola, na tangu nimalize shule mimi ndiye ninayeishika, kwa sababu yeye maandishi madogo hayaoni vizuri. Namba yake ya siri naijua. Uliingia ujumbe kwamba tumepokea elfu thelathini. Dakika moja baadaye mwanamume akapiga. Alinisalimia vizuri, akauliza kama pesa za mzigo zimefika.

Mimi nikamuuliza, "Ni Kombe?"

Akajibu, "Ndiyo, mwanangu, ni Kombe."

Kombe ni broka wa kweli. Alikuja wiki iliyopita kuangalia miti yetu minne ya maembe ya ngowe. Lakini alipokuja mimi nilikuwa jikoni, nikingoja aondoke ndipo nitoke, kama ninavyofanya wageni wakija. Sauti yake sikuwahi kuisikia. Yule mtu hakuwa na jina mpaka nilipompa.

Alisema elfu kumi ni arbuni yetu, elfu ishirini ni za mtu mwingine na nizirudishe upesi kwa sababu lori linangoja. Alikuwa akizungumza bila kupumzika. Nilitaka kumwambia angoje Mama arudi, lakini sijui namna ya kumkata maneno mtu mzima. Nikatuma.

Ujumbe wa kampuni ya simu ulipokuja, ulisema tumebaki na elfu sita na mia mbili. Niliusoma mara tatu. Kisha nikarudi kwenye ule ujumbe wa elfu thelathini nikaona umetoka kwa namba ya mtu wa kawaida, si kwa kampuni. Mtu aliuandika kwa mkono wake. Hakuna pesa zilizowahi kuingia.

Pesa zile zilikuwa za mabati.

Mwaka ule wa mafuriko nyumba yetu ilikaa ndani ya maji wiki tano. Sasa watu wanahamia kule juu kwenye kilima, na Mama ameshasimamisha kuta za vyumba viwili. Anataka paa liwe tayari kabla ya mvua za masika. Zile elfu ishirini na sita ndizo alizokusanya kwa miti iliyotangulia kuvunwa.

Nilituma ombi la kurudishiwa pesa siku hiyo hiyo. Jibu lilikuja kwamba sehemu kubwa imeshatolewa, kilichobaki kimezuiwa, na mwenye laini athibitishe kwa kitambulisho chake. Nilipopiga kuuliza, mhudumu aliniuliza kwa upole kabisa kama mimi ndiye mwenye jina lililosajiliwa kwenye laini. Niliangalia ukuta. Nikakata.

Jina lile ni la Abba Wario. Yeye ni Mworma, mfugaji, na alikuwa rafiki wa marehemu baba. Malka, ile njia ambayo ng'ombe hupita kwenda kunywa mtoni, iko kando ya shamba letu, na baba hakuwahi kugombana naye hata miaka ile ambayo watu wa shamba na watu wa ng'ombe hawakusalimiana. Kitambulisho cha Mama kilichukuliwa na maji. Tuliponunua laini mpya, Abba Wario alitoa chake, akasajili kwa jina lake, akaturudishia simu. Tangu siku hiyo hakuna aliyelifikiria tena jambo hilo.

Jumatatu na Jumanne simu yake haikupatikana. Alikuwa na ng'ombe kule ndani malishoni.

Jumanne Mama aliniambia nimtumie mwenye duka la vifaa malipo ya mabati. Nilimwambia mtandao uko chini. Jana aliuliza tena. Nilimwambia bado uko chini.

Sijawahi kumdanganya Mama siku mbili mfululizo.

Leo ilikuwa siku ya mnada wa mifugo Garsen, na nilijua Abba Wario hakosi. Nilimwambia Mama naenda kuuliza habari za vyuo. Huo ukawa uongo wa tatu. Nilipanda boda nikashushwa karibu na ua wa mnada, nikasimama nje muda mrefu. Ndani ni wanaume watupu na mbuzi. Sikuwa na la kufanya ila kuingia.

Vijana wawili waliokuwa wameegemea fito waliniona nikitazama huku na huku.

"Dada, unauza au unanunua?" mmoja akauliza.

"Huyu hana hata kamba," akasema mwenzake. "Amekuja kuhesabu mikia."

Wakacheka, na siku nyingine ningegeuka nikarudi nyumbani. Niliwauliza Abba Wario yuko wapi. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi niulize mara ya pili. Yule wa kwanza akaacha kucheka, akanipeleka mwenyewe mpaka kwa mzee.

Alikuwa katikati ya kuuza beberu. Nilimweleza nikiwa naangalia viatu vyake. Aliuliza maswali mawili tu: lini, na kiasi gani. Kisha akamwambia mnunuzi angoje, na mnunuzi alipokataa kungoja, akamwacha aende zake. Sijui bei waliyokuwa wamefikia. Hakuniambia.

Kwenye duka la huduma za simu tulipanga foleni kama saa nzima. Dada wa pale alichukua kitambulisho cha Abba Wario, akagonga kompyuta, akatueleza bila kuzungukazunguka. Elfu kumi na sita na mia tano zilitolewa kwa wakala ndani ya dakika kumi na mbili baada ya mimi kutuma. Elfu tatu na mia tano zimekamatwa na zitarudi kwenye simu ya Mama ndani ya siku tatu. Zilizotolewa hawezi kuzirudisha yeye. Hizo mpaka polisi waandikie kampuni barua, na polisi hawawezi kuandika kabla ya mtu kuandikisha malalamiko.

Abba Wario alishukuru, akatoka, akaanza kutembea kuelekea kituoni. Mimi nilidhani tumemaliza.

Kituoni askari alifungua kitabu akauliza nani analalamika. Nilimtazama Abba Wario. Yeye akanitazama mimi.

"Simu iko jina yangu," akasema, "lakini maneno iko kwako. Mimi nitasema nini? Sema."

Nikaanza. Askari alinisimamisha mara moja, akasema, "Ongeza sauti, hata kalamu haikusikii." Hakusema kwa ubaya. Niliongeza. Nilisema saa, namba, kiasi, na maneno ya yule mtu kama nilivyoyakumbuka. Tulipofika mahali aliposema yeye ni Kombe, askari akauliza Kombe ni nani, na kama tunamshuku.

Hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko mnadani. Kichwani mwangu ilipita kwamba nikinyamaza kidogo tu, lawama yote itamwangukia Kombe, na mimi nitaonekana nimedanganywa na mtu anayetujua. Hiyo ni aibu ndogo zaidi. Sijivunii kwamba niliwaza hivyo, lakini niliwaza.

Nikasema, "Kombe hana makosa. Jina nilimpa mimi."

Askari aliandika vile vile. Hakuinua hata macho. Aibu niliyoibeba tangu Jumatatu ilimchukua mstari mmoja wa kitabu.

Alinipa namba ya malalamiko kwenye kipande cha karatasi. Alisema laini ya yule mwizi imesajiliwa mbali na huku, huenda kwa jina la mtu asiyejua lolote, na barua huchukua muda. Hakuniahidi kitu. Alisema mtu awe anapiga kuulizia, kwa sababu faili lisiloulizwa linazama chini ya mengine.

Nje Abba Wario alininunulia soda, akauliza kama Mama anajua. Nilitikisa kichwa.

Alingoja nimalize soda. Kisha akasema kesho jioni atapita kwetu kumsalimia Mama.

"Nikifika, nikute ameshajua. Mimi siwezi kunywa chai ya mtu na siri yake iko tumboni kwangu."

Nilifika nyumbani saa tisa. Mama alikuwa amekaa kivulini akichagua maembe, yaliyopasuka upande wake na mazima kwenye gunia. Nilikaa nikaanza kuchagua naye, kwa sababu nisingeweza kusimama na kusema. Nilimwambia yote kwa mpangilio ule ule nilioutumia kituoni. Nilishangaa kwamba mara ya pili maneno yalikuwa tayari yamejipanga.

Hakunikatiza. Nilipomaliza aliendelea kuchagua, maembe matano, sita.

"Jana nilimwambia jirani, Mama Jillo, kwamba mtandao uko chini," akasema. "Akaniambia simu yake inatuma. Nikambishia mbele ya watu. Nikamwambia mtoto wangu amesoma, anajua anachosema."

Niliweka embe lililopasuka kwenye gunia la mazima.

Vijana wa mnadani na askari, wote waliniogopesha. Lakini kilichoniumiza ni hicho: kwamba Mama alinitetea, na nilikuwa nimesema uongo.

Baada ya muda aliuliza zitakazorudi ni ngapi. Tulipiga hesabu pamoja. Zikiongezwa kwenye zilizobaki, na kama Kombe wa kweli atalipa kama walivyokubaliana, tunaweza kuezeka chumba kimoja kwa mabati kabla ya masika. Cha pili kitasubiri, au kitaezekwa kwa makuti. Mama alisema hata makuti huzuia mvua. Hakusema amenisamehe na mimi sikumuuliza. Alinituma kuni.

Nimekaa nikifikiria nani atafuatilia ile barua. Abba Wario anarudi kwa ng'ombe wake, na kule simu haishiki. Mama akipiga atasema samahani kwa kuwasumbua, kisha atakata. Najua, kwa sababu nimemrithi.

Nimeandika maswali kwenye karatasi ili nisiyasahau nikiogopa. Barua imeshatoka? Imetoka lini? Nani anayo sasa?

Jumatatu saa tatu asubuhi nitapiga kituoni. Wakisema bado, nitauliza nipige tena siku gani, na siku hiyo nitapiga.