Mukia wa Kambale Ulionipa

Mama,

Tangu tukuzike ni juma mbili. Feza angali anaweka sahani yako mezani. Muntu akiiondoa, mudogo wangu analia, na mimi njo ninairudisha.

Nina haya, Mama. Haya kweli kweli.

Unakumbuka mimba ya Feza? Baba alikuwa mgodini Kalima, nyumbani hamna kitu. Ukapika kambale wa Lokandu, samaki ambaye kwa ukoo wa Baba mwanamke mwenye mimba hamugusi. Ukanipa mukia: "Kula, na ufunge kinywa." Feza akazaliwa na kichwa kidogo, mwaka wa pili hajakaa, hajasema neno. Shangazi akaniuliza ulikula nini. Nikasema: kambale. Ule mukia wangu nikauficha. Wakakuita muharibifu wa mutoto, na weye hukunitaja hata mara moja.

Halafu ukauza vikwembe vyako, vitenge vyote, nikasome Kisangani! Kule profesa alituchorea ubaoni namna ubongo unavyojengwa tumboni. Jeni hazijiamulii. Kuna protini zinazokutana, zinashikana, njo zinafungua jeni hii na kufunga ile, kila moja kwa wakati wake. Protini moja ikikosa mwenzake, jeni inabaki imefungwa, na ubongo unakuwa nusu. Nilitoka nje kulia. Ya Feza ni protini gani, sijui. Lakini samaki? Hapana, Mama.

Likizo tatu nilikuja na daftari nilimoandika maneno ya profesa. Unatwanga majani ya sombe, mimi nasema, "Mama, kuna kitu..." kisha nauliza chumvi iko wapi. Kukuambia ilikuwa kukiri nani alikushitaki. Mwoga mukubwa mimi!

Na kuna ubaya zaidi. Nina mimba ya miezi mine, ulikufa hujui. Jana, katika matanga yako, sahani ya kambale ilifika mbele yangu. Nikaisukuma. Mimi, mwenye daftari! Shangazi, aliyekwisha kuona tumbo langu, akatikisa kichwa kukubali, akanisifu.

Sifa ile ilinichoma, sikulala.

Kesho tunaondoa matanga. Nitasimama mbele ya ukoo wote niseme nani alisema, na nani alikula pamoja nawe. Kisha nitaomba kambale, nile wakiona, mimba yangu mbele.

Pumzika, Mama wangu. Sahani yako sitaiondoa. Mukia nitampa Feza, na sitamuambia afunge kinywa.

Binti yako mukubwa