Kumi na Sita Inatosha

Jumatatu, 3 Machi

Nimesinzia tena darasani. Mate yamelowesha daftari la hesabu! Mwalimu kasema nikalale nyumbani. Nilale saa ngapi? Zamu yetu ya kufungasha mikate inaanza saa kumi alfajiri, kisha mbio shuleni, nywele bado zina unga. Mama Tanuri, mkuu wa tanuri pale kiwandani, anataka sisi wanafunzi tupewe zamu ya jioni. Ndiyo sababu anagombea uenyekiti wa ushirika wetu wenye kiwanda. Mwenyekiti wa sasa hataki hata kusikia: mkate wa asubuhi ufungwe asubuhi, basi. Mwenyekiti wa sasa ni Baba.

Na sisi tunaoamshwa hatuna kura. Kanuni zinasema miaka kumi na minane. Mimi nina kumi na saba. Kijiko, mwenzangu wa kufungasha, ana kumi na sita na mgongo wa mzee.

Alhamisi, 6 Machi

Mama Tanuri amepeleka hoja — kura ianzie kumi na sita! Itaamuliwa Jumamosi hii, uchaguzi Jumamosi ijayo.

Chakula cha usiku kimegeuka vita. Baba: mtoto wa kumi na sita unamnunua kwa soda moja. Nikamkumbusha kwamba uchaguzi uliopita watu wazima walinunuliwa kwa kofia, tena zilizowabana. Mama kacheka mpaka kapaliwa. Baba hakucheka, kasema nina mdomo. Ninao, ndiyo! Kwenye trei za moto naitwa mtu mzima, kwenye kura naitwa mtoto. Achague moja.

Ijumaa, 7 Machi

Baba mjanja kweli. Mkutano wa kesho kauweka saa nne, mikate ikiwa ndani ya tanuri. Watu wa tanuri hawawezi kuacha moto, na wote wako upande wetu. Mama Tanuri kashika kiuno. Mimi nimepata wazo. Kijiko kasema nina wazimu. Halafu kasema yumo.

Jumamosi, 8 Machi

TUMESHINDA! Lazima niandike.

Kwetu hakuna karatasi za kura. Watu wanapanga mistari uani, kila upande wake, na migongo inahesabiwa. Basi sisi wafungashaji tukavaa glavu nene, tukashika tanuri. Watu wa tanuri wakatoka wote, unga mpaka kwenye kope, wakasimama mstari wa ndiyo. Baba akashtuka: moto wamemwachia nani? Watoto, Mama Tanuri akamjibu, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Nusura nidondoshe trei kwa raha!

Hakuna mkate ulioungua. Haya, mmoja. Kijiko aliula ukiwa bado wa moto, asije mtu akauona.

Mstari wa ndiyo ukazunguka ua hadi kwenye tangi la maji. Na Baba? Alipoona mambo yamekwisha, kavuka! Kaja kusimama mwisho wa mstari wetu, kifua mbele. Nilimwona dirishani nikacheka huku nalia. Nina kura. Mimi!

Jumapili, 9 Machi

Baba anawaambia majirani kwamba yeye ndiye aliyewapa vijana kura. Asubuhi kanimiminia chai mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Eti nyumba hii sasa ina kura tatu. Nampenda Baba, na hapo ndipo penye shida. Kuhusu zamu hajabadilika hata kidogo, nimemuuliza.

Jikoni Mama kaniuliza hizo tatu kazihesabu nani. Yeye mwenyewe hajaulizwa.

Jumamosi, 15 Machi

Niko juu ya gunia la unga, mlango wa uani uko wazi. Uchaguzi unaendelea. Wanaita idara moja moja, wafungashaji mwisho. Baba yuko mbele ya mstari wake, Mama Tanuri mbele ya wake.

Mama kaitwa kutoka duka la ushirika, anakouza mikate. Kanipitia, kaninong'oneza: mimi ni mke wake, wewe ni mfanyakazi, usichanganye. Kisha kaenda kusimama nyuma ya Baba.

Kijiko naye! Kaenda kwa Mama Tanuri hatua ndefu, hata shati hakuchomekea. Watu wazima wamempigia makofi. Kwa macho yangu mistari iko sawasawa.

Nimebaki mimi. Baba kageuka, kanitafuta, kaniona. Anawasukuma watu nyuma kidogo. Ananiachia nafasi mgongoni pake. Miguu — ajabu — imetulia kabisa. Kesho alfajiri nitalala, Mungu akipenda.

Wananiita. Jina langu lote, mpaka la babu, kama mtu mzima! Kalamu chini sasa. Baba bado anatabasamu.