Kijiko Asubuhi, Kijiko Jioni

Korogwe,
14 Machi 1976

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini basi lilikufikisha salama na hamkulazimika kushuka njiani kulisukuma. Mama naye nampa shikamoo yake, na wadogo zangu wote nawasalimu. Mimi sijambo, isipokuwa tangu uondoke Jumatano nasoma ukurasa mmoja mara tatu bila kujua nimesoma nini.

Baba, pale hospitali niliona aibu kusema mbele ya watu, kwa hiyo naandika. Majibu ya damu yako iliyopelekwa Dar es Salaam ni mabaya kuliko ulivyoyachukulia. Daktari alipokuonyesha vile vipele vya manjano kwenye kope zako ulicheka, ukasema ni baraka za uzee. Si baraka. Mwalimu Yuditha, anayetufundisha bayolojia, ameniazima kitabu chake. Kinaeleza kwamba kuna mafuta ya damu yanayoitwa kolesteroli. Yakizidi, yanaganda ndani ya mishipa kama samli inavyoganda kwenye shingo ya chupa asubuhi ya baridi. Mshipa wa moyo ukiziba, mtu anaanguka. Kule kukabwa kifua unapopanda mlima ndiyo dalili yenyewe.

Daktari alisema hana vidonge vya kukupa, na kwamba tiba iko jikoni na miguuni. Basi nakuomba uache samli, nyama yenye mafuta na ngozi ya kuku. Maziwa unywe ya mgando, yakishaenguliwa mafuta ya juu. Tui la nazi lipunguzwe. Ule kunde, mbaazi, mlenda, mchunga, ugali wa dona, na machungwa yakipatikana. Tumbaku uache kabisa. Na ukienda shamba la kijiji uende kwa miguu, usipakiwe kwenye baiskeli.

Nisamehe kwa kukufundisha kula. Najua mtoto hamfundishi mzazi wake. Lakini Novemba nafanya mtihani wa kidato cha nne, na nataka nikileta majibu nikukute.

Mimi mwanao,
Chausiku


Sindeni,
2 Aprili 1976

Kwa binti yangu Chausiku,

Marahaba. Basi lilifika, tulisukuma mara mbili tu. Huku ni wazima. Mama yako mzima, wadogo zako wazima, na magugu ya shambani ndiyo wazima kuliko sisi wote.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Sikujua kwamba karo yangu inasomesha daktari.

Sasa sikiliza. Unene wangu si wangu peke yangu. Mwaka ule wa njaa, wa unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, watu walipokuwa wakihesabika mbavu, wageni wa wilaya walikuwa wakifika hapa wananitazama mimi mwenyekiti, wanaandika kwamba kijiji kina chakula. Leo nikikonda watu watasemaje? Watasema Mashavu anamnyima mumewe. Wengine watasema nimelogwa. Nilipomwambia mama yako asitie samli kwenye kunde, alinitazama kama nimemtukania wazazi. Akasema, "Mwanamke anayempikia mume chukuchuku anatafuta kurudishwa kwao." Nikamjibu kwamba ni amri ya daktari wa kidato cha nne. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akauliza, "Na huyo daktari nani alimnyonyesha?"

Hata hivyo nitajaribu mpaka mfunge shule mwezi wa sita. Kitabu chako hakijanishinda. Kilichonishinda ni lile neno lako la mwisho. Ila tumbaku niachie ya jioni.

Wasalamu,
Baba yako


Korogwe,
20 Aprili 1976

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo, na nawashikia miguu wakubwa wote wa hapo nyumbani. Hali yangu ni nzuri. Mvua huku hainyamazi. Nguo zetu hazikauki na tunazivaa hivyo hivyo.

Barua yako ilinifurahisha hata nikamsomea Mwalimu Yuditha ile sehemu ya mama. Alisema mama ana haki ya kuuliza. Kwao Kwashemshi pia, mke akimpunguzia mume mafuta, majirani huja kuuliza kuna nini. Akaniambia nisisahau kwamba wewe ndiye unayekaa na watu hao, mimi niko mbali na kitabu.

Nimefikiri namna ya kujua kama tiba inafanya kazi, maana damu haiwezi kupelekwa Dar es Salaam kila mwezi. Kile kitambi ukipime kwa mkanda wako wa ngozi. Uniandikie umesogea matundu mangapi. Pia uniambie unakwenda wapi kwa miguu na unapumzika mara ngapi. Usione haya kupumzika. Kitabu kinasema mwendo uwe wa kila siku, hata kama ni mfupi, kuliko kutembea sana siku moja na kulala siku sita.

Tumbaku ya jioni nayo ni tumbaku, baba. Samahani.

Mimi mwanao,
Chausiku


Sindeni,
30 Mei 1976

Kwa binti yangu Chausiku,

Marahaba mwanangu. Tumepata mahindi kiasi, si haba. Mbuzi wako mweusi amezaa pacha.

Mkanda umesogea matundu mawili, na la tatu nimelitoboa mwenyewe kwa msumari. Shambani nakwenda kwa miguu asubuhi na kurudi. Juzi nimekwenda Misima kwa miguu, nikapumzika mara nne. Mzee Sadala akanipita na baiskeli yake, akapiga kengele, "Mwenyekiti, umeuza ya kwako au umemkosea mtu?" Bada la muhogo nakula kwa mchunga mpaka kinywa kimekuwa kichungu siku nzima.

Lakini nikusimulie ya Jumamosi. Walikuja wageni wa wilaya, akachinjwa kondoo wa Sadala. Mkia ni wa nani unajua. Ukaletwa juu ya sinia, unang'aa, unatetemeka. Nikasema, "Wapeni wageni." Sadala akaweka kisu chini.

"Mwenyekiti, umeona nini kwenye kondoo wangu?"

"Sijaona kitu. Binti yangu amenikataza."

Walicheka mpaka mgeni mmoja akapaliwa. "Basi kikao kijacho tumchague huyo binti!" Sadala peke yake hakucheka. Akaniambia taratibu, "Mtu akikataa mkia kwangu, anawaambia watu kwamba nimetia kitu."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Niliufunga kwenye jani la mgomba, nikaenda nao nyumbani, na heshima ya Sadala ikapona. Kitoweo sikuufanya, naapa.

Kifua bado kinakaba, zaidi asubuhi. Lakini kwa hilo mama yako ana dawa yake, kijiko asubuhi, kijiko jioni, nami naona kinalegea. Kwa hiyo tulia, usome.

Baba yako


Korogwe,
8 Juni 1976

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za mahindi na pacha. Matundu mawili ni mengi, baba. Nilipoisoma barua nilikwenda nyuma ya bweni nikacheka peke yangu, kwa sababu sikutaka wenzangu waniulize.

Likizo hii sitakuja. Sisi wa kidato cha nne tunabaki, asubuhi tunalima shamba la shule na mchana tunasoma. Kwa hiyo nakuomba usiache ile ahadi yako kwa kuwa sikuja. Iendelee mpaka Novemba.

Habari ya mkia wa Mzee Sadala imenihuzunisha, maana sikufikiri kwamba chakula ukikikataa unamtukana mtu. Kitabu hakikuandika hilo. Lakini ulifanya vizuri.

Jambo moja tu nataka kujua. Hiyo dawa ya mama ni dawa gani? Imetoka kwa nani, na imetengenezwa kwa kitu gani? Tafadhali nijibu mapema.

Mimi mwanao,
Chausiku


Sindeni,
1 Julai 1976

Kwa binti yangu Chausiku,

Marahaba. Sisi wazima, baridi imeingia, kuni ndiyo kazi.

Unauliza dawa kama polisi. Ni dawa ya kifua ambayo hata wewe ulinyweshwa ulipokuwa na miaka minne, ukapona. Mkia wa kondoo. Mama yako anaukata vipande, anauyeyusha kwenye chungu, anauchuja, anatia chumvi kidogo. Nakunywa ukiwa wa moto. Tangu ile siku ya Sadala watu wamejua kwamba mwenyekiti mkia hali hapo hapo, anapelekewa nyumbani. Basi kila anayechinja analeta, ndiyo heshima yao, hata mikia mingine tunaitundika juu ya moshi isiharibike. Mama yako hajawahi kuwa na dawa nyingi namna hii. Ameongeza vijiko vimekuwa vitatu.

Usikunje uso. Chakula chako nakishika kama ulivyoagiza. Hii haiingii kwenye chakula. Kwani mgonjwa akimeza kwinini utasema amekula?

Mama yako anakusalimu sana. Anasema mtihani ukikaribia uache kusoma vitabu vya wagonjwa.

Baba yako


Korogwe,
9 Julai 1976

Baba,

Shikamoo.

Mafuta ya mkia ni yale yale. Ni mabaya kuliko samli uliyoiacha. Mama anakuua kwa kijiko.

Na kuna jambo sijawahi kulisema. Mwaka wa yanga mikia hiyo ilikuja kwetu, na watoto wa jirani walikuwa na nywele nyekundu za njaa. Mimi nilikula pamoja nanyi. Leo inakurudia.

Acha leo hii.

Chausiku


Sindeni,
25 Julai 1976

Chausiku,

Barua yako imefika.

Dawa nimeacha. Mama yako nimemwambia tu kwamba nimeikinai. Alisikitika, akafunika chungu. Sababu sikumpa, maana hakuna namna ya kumwambia mwanamke maneno uliyoyaandika.

La mwaka wa yanga, nilikuwa nikigawa unga mbele ya watu, kibaba kwa kibaba, na hakuna aliyenishitaki. Mikia waliileta wenyewe kwa mikono yao. Labda waliogopa. Labda nilijua. Hata hivyo hayo ataniuliza Mungu, wala hatakutuma wewe uniulize.

Usiniandikie tena mpaka umalize mtihani. Nami sitaandika. Karo ya muhula huu nimekwisha ituma.

Mbaruku,
Mwenyekiti wa Kijiji


Korogwe,
26 Novemba 1976

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo sana. Nimetii, sikuandika. Mtihani umekwisha jana. Nilikuwa na karatasi na bahasha hii tangu Agosti, na kila Jumapili niliitoa sandukuni nikairudisha.

Baba, niliandika kwa hasira na kwa woga. Mambo ya mishipa na mafuta ni ya kweli, siwezi kuyafuta. Lakini nilimwandika mama kama mtu mbaya, na yeye hakuwa na kitabu. Alikupa kile alichopewa na mama yake. Ningeweza kumweleza polepole, nikamwambia asante kwanza. Sikufanya hivyo kwa sababu kwenye barua mimi ni hodari, na mbele ya watu siwezi hata kuomba chumvi. Na lile la mwaka wa yanga, nililiandika ili likuume. Niliona neno peke yake haliwezi kukuzuia, ndiyo nikatafuta la kukuumiza. Nisamehe.

Tafadhali barua ile ichome. Nikija nitapika mimi, kunde kwa nyanya na kitunguu, na mama nitamwomba anionjee kama zimekolea.

Nijibu hata mistari miwili. Kifua kinakuwaje? Mkanda umefika tundu la ngapi?

Mimi mwanao anayekupenda,
Chausiku


Sindeni
10 Desemba 1976

Chausiku mwanangu

Salamu. Sisi wazima.

Nimeandika mimi mama yako kwa mkono wangu. Nimefika hatua ya tatu ya kisomo cha watu wazima. Mwalimu Stefania ananifuata nyumbani kwa kuwa niko eda. Usishangae herufi.

Baba yako alifariki tarehe 19 Agosti. Alianguka njiani akienda shamba la kijiji kwa miguu. Tulimzika siku ile ile alasiri. Watu walikuja wengi mpaka wa Misima. Wazee walisema usiambiwe, umalize mtihani kwanza. Nami nilikubali. Wao mpaka leo wanafikiri nimenyamaza kwa ajili ya mtihani.

Eda ni ndefu. Mwalimu alisema nisome kila siku nisisahau. Kitabu cha kisomo nilikuwa nimekimaliza. Katika kasha la baba yako kulikuwa na barua zako. Nikaanza na ile fupi kuliko zote. Nilikuwa naisoma neno kwa neno, siku mbili. Siku ya pili jioni nikafika mwisho. Sikumwonyesha mwalimu.

Alipoacha dawa sikujua kwa nini. Niliona nimemkosea. Wiki ile ile kifua kilirudi, usiku anakaa kitandani ameshika ukuta. Nikimletea kijiko anageuza uso. Sasa najua alikuwa anamtii nani.

Wewe umesoma, unajua mishipa. Mimi mishipa sijaiona. Nimemwona mtu akinywa yuko hai, akaacha, siku ishirini na tano nikamwosha. Pengine kitabu chako ndicho kweli. Mwalimu Stefania anasema vitabu vya hospitali havisemi uongo. Pengine. Hapa watu wanasema mwenyekiti aliuawa na njaa aliyoandikiwa kutoka Korogwe. Mimi sijawajibu ndiyo wala hapana.

Barua yako ya Novemba nimeipata. Iliandikwa kwa baba yako, nimeisoma mimi.

Eda yangu inakwisha mwisho wa mwezi. Njoo nyumbani, usipitie kwa shangazi yako. Kupika nitapika mimi. Utakula nitakachopika, wala hutaniuliza kimetiwa nini.

Mama yako
Mashavu