Usukani Uliotetemeka

Mwenzangu, uko wapi? Shika simu! Hapa nyumbani hapakaliki.

Kaka kaleta usukani wake wa gemu ya rali, kaubana kwenye meza ya chakula. Una mota ndani. Gari likianza kuteleza, unatetemeka mikononi kama wa kweli. Baba akacheka, "Midoli hiyo!" Unamjua na rali zake za ujanani.

Na ya mjomba unayajua. Mdogo wake mama, aliyekuwa akimsomea baba njia kwenye rali, akafia kwenye kiti cha pembeni gari lao lilipoanguka. Miaka yote wimbo wa baba ni ule ule: usukani ulikufa ghafla, haukunipa dalili yoyote.

Basi akakaa kucheza, mama kasimama nyuma yake na kikombe cha chai. Kona ikaja. Usukani ukatetemeka mpaka meza ikagonga ukuta, baba anakanyaga tu mafuta! Gari likaruka, likaingia bondeni.

Na yeye mwenyewe, kwa furaha, anapiga kelele: "Ndivyo hasa! Siku ile ulitetemeka hivi hivi!"

Hivi hivi. Kasema kwa mdomo wake!

Kaka akazima sauti. Baba ndiyo kwanza akageuka, mikono ingali kwenye usukani.

Mama wala hakufoka. Kaweka kikombe, kavuta kiti, kakaa pembeni yake. "Anza upya. Leo nakusomea njia mimi."

Ninavyokuandikia bado wanacheza. Baba analia. Kila gari likianguka, mama anasema, "Tena."